Zebaki Mpakani: Wajibu wa Askari wa Busia na Tororo



Mpaka wa Uganda na Kenya, kuanzia miteremko ya Mlima Elgon, kupitia Malaba upande wa Tororo, hadi Busia na kuishia kwenye maji ya Ziwa Victoria, umepita katika vipindi vingi vya magendo. Wazee miongoni mwetu wanaikumbuka vizuri miaka ya 1976 na 1977. Baridi kali ilikuwa imeiharibu mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ya kahawa ikapanda duniani kote, na magunia ya kahawa ya Uganda yakawa yanavuka mpaka usiku kwa punda, kwa baiskeli na juu ya vichwa vya watu, hata soko dogo la Chepkube, upande wa Kenya, likajulikana kila mahali. Magendo yale yaliiumiza hazina ya nchi. Aliyebeba gunia lile alikuwa na hofu ya kukamatwa, lakini gunia lenyewe halikumdhuru.

Leo nakusudia kuzungumzia mzigo wa namna nyingine, mdogo sana kwa umbo, ambao unapita katika njia zile zile za panya. Mzigo huo humdhuru anayeuuza, anayeubeba, anayeutumia, mkewe na watoto wake, na humdhuru hata askari anayeukamata kama hajui namna ya kuushika. Mzigo huo ni zebaki.

Zebaki ni madini ya ajabu. Ni metali kama chuma au shaba, lakini katika joto la kawaida haigandi, bali hutiririka kama maji na kung'aa kama fedha. Watu wa kale waliistaajabia, na tangu zamani wachimbaji walitambua tabia yake moja kubwa, yaani kuipenda dhahabu. Ukiichanganya na mchanga wenye chembe za dhahabu, huzikamata chembe hizo na kufanya nazo donge moja. Ukilichoma donge hilo motoni, zebaki huruka hewani na dhahabu hubaki. Kazi hiyo haihitaji mtambo wa gharama wala elimu ya chuo. Ndiyo sababu imeenea kwa wachimbaji wadogo katika nchi nyingi za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, na Busia haikuachwa nyuma.

Dhahabu ya sehemu hii si habari mpya. Baada ya mwaka 1931, wakati wageni kwa mamia walipokimbilia Kakamega kutafuta mali, wapimaji waliufuata mkanda ule ule wa miamba kuelekea magharibi, na katika miaka ya 1930 dhahabu ikachimbwa pia upande wa Uganda, katika sehemu za Busia ambayo wakati ule, na hata hadi mwaka 1997, ilikuwa sehemu ya wilaya ya Tororo. Wazungu waliondoka, mashimo yakabaki, na wananchi wakayarudia. Leo, katika vijiji vya Tiira na jirani zake, maelfu ya watu huishi kwa kazi hiyo. Vijana hushuka mashimoni kwa kamba, wengine huponda mawe kwa nyundo au kuyasaga kwa karasha, na wengine, ambao wengi wao ni akina mama, huosha mchanga katika mabeseni. Wako Wasamia na Wateso, na wako waliotoka mbali zaidi. Watu wa kabila moja wako pande zote mbili za mpaka, na ndugu wa Busia ya Uganda anaweza kuwa na shamba, shemeji na mazishi Busia ya Kenya.

Hatua ya mwisho ya kazi hiyo ndiyo inayotuhusu. Mchimbaji humimina zebaki kidogo kwenye mchanga uliokwisha oshwa, akaukanda kwa mikono mitupu kama mtu anayekanda unga. Kisha hulikamua lile donge ndani ya kitambaa, akaliweka juu ya kipande cha bati au kijiko, na kulichoma kwenye sigiri ya mkaa. Mara nyingi sigiri hiyo ni ile ile inayopikiwa chakula cha jioni. Kwa kila gramu moja ya dhahabu inayopatikana kwa njia hii, kwa kawaida gramu moja au mbili za zebaki hupotea, na zinakopotea ndiko kwenye hatari.

Wengi hudhani kwamba zebaki ni hatari ikimezwa. Ukweli ni kinyume cha dhana hiyo. Zebaki ya maji ikimezwa kwa bahati mbaya, karibu yote hupita tumboni na kutoka. Lakini mvuke wake ukivutwa kwa pumzi, kadiri ya sehemu 80 katika kila 100 hubaki mwilini. Kutoka mapafuni huingia katika damu, na kutoka katika damu huenda kwenye ubongo na mafigo. Mvuke huo hauna rangi wala harufu. Moshi wa kuni humkohoza mtu akasogea pembeni, bali mvuke wa zebaki humwacha ameketi palepale, akipiga soga, huku anaingiza sumu kifuani.

Tufanye hesabu ndogo. Chukua chumba cha kawaida cha mwananchi, chenye urefu wa mita 4, upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.5. Nafasi yake ni mita za ujazo 30. Mtu akichoma humo gramu moja tu ya zebaki, na tuseme sehemu tisa katika kumi zikatoka dirishani au kunata kwenye kuta, paa na nguo, sehemu moja inayobaki ni mikrogramu 100,000, yaani zaidi ya mikrogramu 3,000 katika kila mita moja ya ujazo. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani limekitaja kuwa kisivukwe kwa mtu anayeishi katika hewa hiyo muda wote ni mikrogramu moja. Na ile iliyonata kwenye kuta haikwisha, kwani kila jua linapolipasha joto bati la paa, huvukiza tena kidogo kidogo, siku baada ya siku, juu ya kitanda cha mtoto.

Dalili zake huja polepole, na hapo ndipo mtu hudanganyika. Mtu hukosa usingizi. Huanza kusahau, huwa mwepesi wa hasira, na akiwa mpole wa asili ndugu zake hushangaa amepatwa na nini. Fizi humuuma. Vidole huanza kutetemeka, kwanza anaposhika kikombe au kalamu, baadaye hata akiwa ametulia. Mwendo wake huyumba na kauli yake huwa nzito. Katika karne ya 19, mafundi wa kofia wa Uingereza, waliokuwa wakitengeneza manyoya kwa dawa yenye zebaki, walijulikana kwa kutetemeka na kwa vituko vyao, na jamii ikawacheka kwa miaka mingi badala ya kuwatibu.

Ndugu askari polisi, jambo hili linawahusu moja kwa moja. Ukimkuta usiku, katika kijiji cha wachimbaji, mtu anayeyumba, anayetetemeka mikono na kusema maneno yasiyoeleweka, ni rahisi kusema kwamba amekunywa waragi na kumtupa mahabusu hadi asubuhi. Huenda kweli amelewa. Lakini kama hanuki pombe, na kama kazi yake ni kuchoma dhahabu, mtu huyo ni mgonjwa na anastahili kupelekwa zahanati. Mwambie mganga kazi anayoifanya, maana pasipo habari hiyo mganga naye anaweza kumpa dawa ya malaria na kumrudisha nyumbani. Mkojo wake ukipimwa katika maabara yenye vifaa, ukweli utajulikana. Yako maneno yanayosemwa kwamba mtu akinywa maziwa baada ya kazi sumu hutoka, lakini maziwa huenda tumboni na mvuke umekwisha ingia mapafuni. Tiba ya kwanza ni kumtenga mgonjwa na mvuke huo.

Hatari ya pili ni ya majini. Zebaki inayomwagika pamoja na maji ya kuoshea mchanga, na ile iliyoruka hewani ikarudi na mvua, mwishowe huingia katika vijito. Mto Sio unaelekea Ziwa Victoria, na Mto Malaba unapeleka maji yake Mpologoma hadi Ziwa Kyoga. Ndani ya tope, vijidudu visivyoonekana kwa macho huigeuza zebaki kuwa sumu ya namna nyingine, iliyo kali zaidi, inayonasa katika miili ya viumbe. Samaki wadogo huila pamoja na chakula chao, samaki wakubwa huwala wadogo, na kwa kila hatua kiasi cha sumu huongezeka. Vipimo vilivyokwisha kufanywa katika Ziwa Victoria vimeonyesha kwamba samaki wengi bado wako chini ya kiwango kilichokatazwa, na hili ni jambo la kushukuru. Hakuna sababu ya mtu kuacha kula sangara au ngege. Ipo sababu ya kuhakikisha kwamba hali hiyo haibadiliki.

Dunia imekwisha kuona inavyokuwa ikibadilika. Katika mji wa Minamata, nchini Japani, kiwanda kimoja cha kemikali kilimwaga maji yenye zebaki baharini kwa miaka mingi. Paka waliokula samaki wa ghuba ile walianza kuzunguka kama waliopagawa, wakafa. Kisha zamu ikawa ya wavuvi na familia zao. Tarehe 1 Mei, 1956, daktari wa hospitali ya kiwanda chenyewe alitoa taarifa rasmi ya ugonjwa usiojulikana. Kiwanda hakikuacha kumwaga sumu hiyo hadi mwaka 1968, miaka 12 baadaye. Watu zaidi ya 2,200 walithibitishwa na serikali kuwa wagonjwa, na wengine wengi wakaendelea kudai haki yao kwa miongo kadhaa. Lililowashtua zaidi waganga ni kwamba akina mama walioonekana wazima walizaa watoto wenye ubongo ulioharibika. Sumu ilikuwa imempita mama na kumkuta mtoto tumboni.

Upo mfano mwingine ambao kila askari wa mpakani hana budi kuujua. Mwaka 1971, nchi ya Iraki iliagiza kutoka nje mbegu za ngano na shayiri zilizopakwa dawa yenye zebaki ili zisiliwe na kuvu ardhini. Mbegu zilitiwa rangi nyekundu kama ishara ya hatari, na magunia yaliandikwa maonyo kwa Kihispania na Kiingereza. Wakulima wa vijijini hawakuzijua lugha hizo. Mbegu nyingi zilifika wakati wa kupanda umekwisha pita, na watu walikuwa na njaa. Wakaziosha, rangi ikatoka, wakaamini kwamba sumu nayo imetoka, wakasaga na kuoka mikate. Siku za kwanza hakuna aliyeumwa, na hiyo ikawapa moyo. Baada ya wiki kadhaa wakaanza kupoteza nguvu za miguu, macho na masikio. Watu 6,530 walilazwa hospitalini, na 459 kati yao wakafa humo.

Mafunzo ya mkasa ule ni mawili. La kwanza ni kwamba sumu hii humpa mtu muda wa kujiona salama. La pili ni kwamba onyo lisiloeleweka ni sawa na kutokuwapo. Katika soko la Busia na la Malaba hupita bidhaa zenye maandishi ya kila lugha. Zimo sabuni na krimu za kung'arisha ngozi, ambazo baadhi yake hutiwa chumvi za zebaki. Anayezipaka huona ngozi imekuwa nyeupe, haoni mafigo yanayoharibika. Askari au ofisa wa forodha anayefungua katoni asiridhike kwa sababu kilichomo kinaitwa sabuni.

Kwa sababu ya mambo hayo, mataifa yalikutana nchini Japani mwezi Oktoba mwaka 2013 na kutia saini mkataba uliopewa jina la Minamata, kwa heshima ya watu wa mji ule. Mkataba ulianza kutumika tarehe 16 Agosti, 2017. Uganda iliuridhia mwaka 2019, na jirani zetu wa Kenya mwaka 2023. Kwa mkataba huo, zebaki haiwezi kupelekwa nchi nyingine pasipo idhini ya maandishi ya nchi inayoipokea. Kwa wachimbaji wadogo, umetaja mambo manne ya kukomeshwa: kumimina zebaki kwenye mawe yote yaliyosagwa badala ya mchanga mchache uliochujwa, kuchoma donge mahali pa wazi, kuchoma katika makazi ya watu, na kutia sianidi kwenye mabaki ambayo bado yana zebaki. Hapa kwetu Sheria ya Madini ya mwaka 2022 imekwenda mbele zaidi na kukataza matumizi ya zebaki katika uchimbaji.

Sheria ipo, basi. Swali lililobaki ni la utekelezaji, na utekelezaji uko mikononi mwa wale wanaonisikiliza jioni hii.

Hapa inafaa tuseme wazi ni nani hasa wa kufuatwa. Mchimbaji mdogo ni mtu wa mwisho katika mnyororo mrefu. Hakuitengeneza zebaki, hakuiagiza kutoka ng'ambo, na mara nyingi hainunui kwa fedha yake. Humpokea mfanyabiashara anayempa chupa ndogo kwa mkopo, kwa sharti kwamba dhahabu itakayopatikana auziwe yeye, kwa bei anayoipanga yeye. Mchimbaji hubaki na deni na kutetemeka, na mwenye chupa huondoka na dhahabu. Ikiwa msako wa askari utaishia kwa mama anayekanda mchanga, beseni lake likavunjwa na mumewe akapigwa, mwenye chupa atabaki salama mjini akitafuta mteja mwingine.

Tena liko jambo baya zaidi. Watu wakiogopa kuonekana, huacha kuchoma uwanjani penye upepo, wakaingia ndani, wakafunga mlango na dirisha, na kuchoma usiku watoto wakiwa wamelala. Msako wa namna hiyo umelihamisha donge kutoka machimboni na kulipeleka chumbani, na hesabu ya chumba tumekwisha kuifanya. Kwa hiyo askari mwenye busara hutumia nguvu ya sheria juu ya anayeleta na anayegawa, na kwa mchimbaji hutumia kwanza neno la kumwonya na kumwelekeza. Mchimbaji huyo huyo, akiona kwamba polisi hakuja kumpora, ndiye atakayesema chupa ilitoka wapi.

Namna ya kuitambua zebaki si ngumu, ila inataka mkono ulio macho. Zebaki ni nzito mara 13.6 kuliko maji. Chupa ya maji ya nusu lita ikijazwa zebaki huwa na uzito wa karibu kilo 7. Kichupa cha dawa cha mililita 100 huzidi kilo moja. Zebaki ya jumla husafirishwa katika mitungi ya chuma ya kilo 34.5, na mtungi wa uzito huo haufiki lita tatu. Basi mpanda bodaboda, biashara ambayo ilizaliwa hapa hapa mpakani kwa kuwapeleka watu kwa baiskeli kutoka kituo hadi kituo, akiwa amebeba kifurushi kidogo kinachouvuta mfuko wake chini kupita kiasi, mwulize kilichomo. Kifurushi hicho huweza kufichwa ndani ya debe la mafuta au gunia la mahindi, lakini hakiwezi kuuficha uzito wake.

Ukikwisha kuikamata, kazi yako ya hatari ndiyo kwanza inaanza. Usiifungue chupa ili kuwaonyesha wenzako inavyong'aa. Usiimimine kiganjani. Vua pete ya dhahabu kabla ya kuishika, kwani zebaki huila dhahabu popote inapoikuta. Iweke katika chombo kigumu cha plastiki chenye kifuniko kinachobana, kisha chombo hicho ndani ya kingine, kiandikwe wazi kwa lugha inayosomwa na kila mtu kituoni. Kisiwekwe karibu na jiko, wala juani, wala katika chumba ambamo askari hulala au mahabusu hufungiwa. Kielelezo kikikaa kwenye kabati la ofisi kwa miezi kikingoja kesi, kinaweza kuvuja kidogo kidogo na kuwapa sumu askari wa zamu zote. Kwa hiyo mamlaka ya mazingira yaarifiwe mapema ili mzigo uhamishiwe mahali panapostahili.

Ikimwagika sakafuni, watoe watu, fungua milango na madirisha, na usitumie ufagio, kwa sababu ufagio huivunja kuwa chembe ndogo ndogo zinazoingia katika nyufa na kuvukiza kwa muda mrefu. Zikusanye chembe kwa karatasi mbili ngumu, uzitie katika chupa ya plastiki yenye maji kidogo, uifunge. Nguo zilizoguswa zitengwe, zisiende nyumbani kufuliwa pamoja na nepi za mtoto. Na donge lililokamatwa lisichomwe na mtu yeyote kituoni kwa tamaa ya kuiona dhahabu iliyomo.

Kwa kuwa tumeitaja tamaa, tuitaje na ile nyingine. Askari wa mpakani ni binadamu, mshahara wake unajulikana, na mwenye chupa huja na chai mkononi. Aliyepokea kitu kidogo na kuifumbia macho kahawa ya magendo aliiibia nchi yake. Anayeifumbia macho zebaki anaiibia nchi na kuitia sumu nyumba yake mwenyewe. Kambi na vituo vyetu haviko mwezini. Tunachota maji katika visima vilivyo jirani na mashimo hayo, tunanunua samaki na maziwa katika masoko hayo, na watoto wetu wanasoma darasa moja na watoto wa wachimbaji. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ndugu wasikilizaji, haitoshi kukataza bila kuonyesha njia. Njia zipo. Iko retoti, chombo kidogo cha chuma chenye bomba, ambacho mchimbaji huweka donge ndani na kulichoma likiwa limefunikwa. Mvuke hupita katika bomba lililopozwa kwa maji, ukarudi kuwa zebaki na kukusanywa, na sehemu kubwa mno haitoki hewani. Iko pia njia isiyotumia zebaki kabisa. Wachimbaji wa Benguet, nchini Ufilipino, wamezoea kwa miaka mingi kuuchuja mchanga vizuri, kisha kuuyeyusha pamoja na unga wa boraksi, ambao hurahisisha dhahabu kuyeyuka na kujitenga. Na wala hatuna haja ya kusafiri hadi Asia kutafuta mfano wa watu waliojipanga. Hapa Busia, wachimbaji wa Syanyonja walijiunga katika chama, wakakubali masharti ya usalama kazini, na wakawa miongoni mwa wachimbaji wadogo wa kwanza barani Afrika kupata cheti cha dhahabu ya biashara ya haki. Aliye katika chama ana anwani, ana viongozi, na anaweza kufundishwa. Aliye peke yake porini hufundishwa na mwenye chupa.

Mwisho, hakuna upande mmoja wa mpaka unaoweza kulishinda jambo hili peke yake. Mvuke hauonyeshi kitambulisho, na Mto Sio hausimami kugongewa muhuri. Tarehe 24 Februari, 2018, marais wa Uganda na Kenya walifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpaka hapa Busia, ambamo maofisa wa nchi mbili hufanya kazi chini ya paa moja. Paa hilo lilikusudiwa kuharakisha mizigo halali. Litumike pia kupashana habari za mzigo huu haramu: nani kaonekana Malaba jana, gari gani lilirudishwa Busia leo, chupa za namna gani zimekamatwa Kakamega au Migori. Maofisa wanaokutana kila asubuhi hawana udhuru wa kutojuana.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Maradhi haya yamefichika kwa muda mrefu nyuma ya mng'ao wa dhahabu, na yataendelea kufichika kama wale wenye macho mpakani hawatajua wanachokitazama. Sasa mnakijua. Usiku wa leo, atakaposimama askari wa zamu kwenye kizuizi na kuinua kifurushi kidogo kilicho kizito kuliko umbo lake, akumbuke kwamba ameshika afya ya kijiji kizima, na aamue kama askari.